Ekari 640 za Mchanga: Udongo wa Matuta na Sheria za Ardhi katika Sandhills ya Nebraska, 1855–1936

Tarehe 28 Aprili 1904 ilipitishwa nchini Marekani sheria iliyompa mlowezi yeyote aliyetimiza masharti haki ya kujiandikishia ekari 640 za ardhi ya umma katika kaunti 37 za magharibi na kaskazini mwa jimbo la Nebraska. Sheria hiyo ilichukua jina la mbunge aliyeiwasilisha, Moses Kinkaid wa mji wa O'Neill, na familia zilizoitumia zikaja kuitwa Wakinkaid. Kabla ya hapo, kwa sheria ya makazi ya mwaka 1862, kipimo cha shamba kilikuwa ekari 160. Waliopiga kura Washington waliona kwamba kuizidisha ardhi hiyo mara nne ni ukarimu usio na mfano. Udongo uliokuwa ukigawiwa ulikuwa na hesabu yake tofauti, na makala haya yanachunguza tofauti baina ya hesabu hizo mbili.

Sehemu kubwa ya kaunti hizo imo ndani ya Sandhills, eneo la matuta ya mchanga lenye ukubwa wa takribani kilomita za mraba 50,000, yaani zaidi ya robo ya jimbo zima. Ni eneo la matuta lililo kubwa kuliko yote katika nusu ya magharibi ya dunia. Baadhi ya matuta yana kimo kinachofikia mita 120 na yanaenea kilomita nyingi kutoka mashariki kwenda magharibi. Mvua na theluji kwa mwaka ni takribani milimita 400 upande wa magharibi na huongezeka hadi karibu milimita 600 upande wa mashariki. Hata hivyo matuta haya hayahami: karibu yote yamefunikwa kwa nyasi, na kwa zaidi ya karne moja yamekuwa nyanda za malisho ya ng'ombe.

Masimulizi ya historia ya eneo hili yamegawanyika katika kambi mbili. Kambi ya kwanza humtazama mlowezi mdogo kama mtu aliyedhulumiwa na mabwana wa ranchi. Kambi ya pili humsifu mfugaji kwa kuielewa ardhi ambayo mkulima hakuielewa. Kambi zote mbili huutaja mchanga kama mandhari tu, jukwaa ambalo watu wanaligombania. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba udongo wenyewe, kwa tabia zake mahususi, uliamua kwa kiasi kikubwa nani angebaki na nani angeondoka, na kwamba kila kundi lililofika Sandhills liliisoma nusu moja tu ya tabia hizo.

Udongo wa matuta

Udongo unaotawala matuta hujulikana katika ramani za udongo za Marekani kwa jina la Valentine, mji ulio makao makuu ya Kaunti ya Cherry. Zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni mchanga, mwingi ukiwa wa madini ya kwatzi, wenye chembe laini hadi za wastani. Mfinyanzi ni haba mno. Tabaka la juu, lililotiwa weusi kidogo na mboji, kwa kawaida lina unene wa sentimita 10 hadi 15 tu. Chini yake mchanga wa rangi ya hudhurungi iliyopauka hushuka mita nyingi bila badiliko kubwa. Katika tabaka hilo la juu mboji huwa karibu asilimia 1, na mara nyingi pungufu. Wanasayansi wa udongo huuhesabu miongoni mwa udongo ambao haujapata muda wa kukomaa na kujijengea matabaka. Hapa lugha ya Kiswahili ina bahati yake: udongo huu ni mchanga kwa maana zote mbili za neno.

Tabia ya kwanza ya udongo wa namna hii ni jinsi unavyoipokea mvua. Maji hupenya mara yanapoanguka. Hata kwenye mteremko mkali ni nadra kuona maji yakitiririka juu ya ardhi, na makorongo, ambayo ni alama ya kawaida ya nyanda kame nyingi, hayaonekani kwenye matuta. Maji yanayoipita mizizi hushuka hadi tabaka la maji ya chini liitwalo Ogallala, ambalo chini ya Sandhills sehemu yake iliyolowa hufikia unene wa karibu mita 300. Kwa sababu hiyo mito kama Loup, Dismal na Niobrara hutiririka kwa kiwango kinachobadilika kidogo sana mwaka mzima, ikilishwa na chemchemi. Katika mabonde yaliyo baina ya matuta, mahali ambapo maji ya chini yamekaribia uso wa ardhi, kuna mabwawa na mbuga za majimaji zenye nyasi nzito zifaazo kukatwa na kukaushwa kuwa lishe ya majira ya baridi.

Tabia ya pili inaonekana kupingana na ya kwanza. Mchanga hushikilia maji machache. Mkulima aliyezoea udongo wa tifutifu wa Iowa au Illinois aliuona upungufu huo kuwa ugonjwa. Lakini katika nchi yenye ukame wa wastani upungufu huo hugeuka kuwa faida. Udongo wenye mfinyanzi huibakiza mvua ndogo katika sentimita chache za juu, na jua huirudisha hewani kabla mimea haijafaidika. Katika mchanga mvua hiyo hiyo huzama chini zaidi. Kisha sentimita chache za juu hukauka upesi na kuwa kifuniko kinachokata njia ya maji yanayotaka kupanda. Chini ya kifuniko hicho unyevu hubaki. Ndiyo maana matuta ya Sandhills yamebeba nyasi ndefu zenye mizizi mirefu, zikiwamo spishi za Andropogon hallii na Calamovilfa longifolia, katika kiwango cha mvua ambacho kwenye udongo mzito wa jirani hulisha nyasi fupi tu.

Tabia ya tatu ndiyo iliyoleta maafa. Chembe za mchanga hazishikani. Katika udongo wa mfinyanzi vidonge vya udongo hudumu hata mimea ikiondolewa. Katika udongo wa Valentine kinachoshikilia uso wa tuta ni mizizi, majani makavu yaliyolala juu na ule unene mdogo wa mboji. Ngozi hiyo ikichanika, kwa plau, kwa kwato au kwa njia ya gari la farasi iliyopita mahali pamoja mara nyingi, upepo wa majira ya baridi na masika huanza kuchimba. Huzaliwa shimo la upepo, bakuli lililo wazi juu ya tuta, ambalo hupanuka kwa kula kingo zake lenyewe na kuumwaga mchanga wake juu ya nyasi zilizo upande wa pili. Na kwa kuwa karibu rutuba yote imo ndani ya zile sentimita 10 hadi 15, anayeipoteza ngozi hupoteza shamba.

Tabia hizi tatu haziwezi kutenganishwa. Ulegevu wa chembe unaoifanya mvua izame ndio unaoufanya upepo ushinde.

Macho ya wapita njia

Maelezo ya mapema ya kiserikali juu ya eneo hili yalitoka kwa Luteni Gouverneur K. Warren, mhandisi wa jeshi, aliyelipita mwaka 1855 na tena mwaka 1857, safari hii ya pili akiwa na mwanajiolojia Ferdinand Hayden. Warren aliandika kama mwanajeshi anayetafuta njia ya magari ya mizigo. Magurudumu yalizama, wanyama wa kukokota walichoka, na katika ripoti zake eneo hilo likahukumiwa kuwa tasa. Hukumu hiyo haikuwa ya kijinga, ila ilipima uwezo wa udongo kubeba gurudumu na kuuchukulia kuwa ndio uwezo wake wa kubeba uhai. Wapawnee na Walakota, waliowinda nyati katika nchi hiyo na pembezoni mwake kwa vizazi, walikuwa na kipimo kingine, lakini kipimo hicho hakikuingia katika ramani za Washington.

Wafugaji nao waliiamini hukumu hiyo kwa zaidi ya miaka 20. Walipofika katika miaka ya 1870 waliweka makundi yao kando ya mito na kuyazuia yasiingie ndani ya matuta. Simulizi mashuhuri ya kubadilika kwao, iliyoelezwa baadaye na James Dahlman, mchunga ng'ombe aliyekuja kuwa meya wa Omaha, inahusu majira ya masika ya mwaka 1879. Dhoruba ya theluji iliwatawanya ng'ombe wa ranchi ya N Bar ya mto Niobrara hadi ndani ya matuta. Wachungaji walioingia kuwatafuta hawakukuta mizoga waliyoitarajia. Walikuta wanyama walionona, na pamoja nao wengine wasio na alama ya mwenyewe, waliokwisha kuishi humo kwa misimu kadhaa. Simulizi za namna hii huongezewa chumvi kadiri zinavyorudiwa, na mtafiti anapaswa kuipokea hii kwa tahadhari. Kinachothibitika ni matokeo yake: ndani ya miaka michache ranchi kubwa zilikuwa zimeyazunguka mabonde yote yenye maji.

Mvua, plau na miti

Wakati wafugaji wakiyagundua malisho, wasomi na wanasiasa wa Nebraska walikuwa wakijenga nadharia ya kilimo. Samuel Aughey, aliyefundisha sayansi ya viumbe na ardhi katika Chuo Kikuu cha Nebraska tangu mwaka 1871, alidai kwamba ardhi ngumu ya nyanda ikishapasuliwa kwa plau hunyonya mvua kama sifongo, kisha huirudisha hewani polepole na kuongeza mvua za miaka inayofuata. Charles Dana Wilber aliifupisha nadharia hiyo mwaka 1881 katika kauli kwamba mvua huifuata plau. Wanahistoria wameishughulikia nadharia hii kwa kirefu kama mfano wa matumaini yaliyovaa joho la sayansi. Jambo ambalo halisisitizwi vya kutosha ni kwamba, hata kama ingekuwa kweli mahali pengine, Sandhills haikuihitaji. Udongo wa matuta ulikuwa sifongo tayari. Kuupasua hakungeongeza hata tone moja la maji yanayozama. Kungeondoa tu kile kilichoushikilia.

Katika mwaka 1873 ilipita sheria ya upandaji miti, iliyotokana na juhudi za Seneta Phineas Hitchcock wa Nebraska. Mlowezi aliahidiwa ekari 160 iwapo angepanda miti katika ekari 40, kiwango kilichoshushwa hadi ekari 10 mwaka 1878. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1891. Sauti moja ya tahadhari ilikuwapo: John Wesley Powell, katika ripoti yake ya mwaka 1878 kuhusu nchi kame, alipendekeza kwamba mashamba ya malisho yapewe ekari 2,560 kila moja. Pendekezo hilo halikupita. Ukame wa miaka ya mwanzo ya 1890 ukawafukuza wakulima wengi kutoka nyanda za Nebraska, na wale wachache waliojaribu kulima pembezoni mwa matuta walikuwa miongoni mwa waliokwenda.

Seng'enge

Kufikia mwisho wa karne ya 19 sehemu kubwa ya Sandhills ilikuwa bado mali ya umma kwa mujibu wa sheria, na mali ya wachache kwa mujibu wa seng'enge. Sheria ya mwaka 1885 ilikataza kuzungushia uzio ardhi ya umma, lakini haikutekelezwa kwa nguvu. Ranchi ya Spade, ya Bartlett Richards na mshirika wake William Comstock, ndiyo iliyojulikana zaidi. Watu hawa wawili waliposhtakiwa mwaka 1905 walitozwa faini ya dola 300 kila mmoja na kuwekwa chini ya ulinzi kwa saa sita, saa ambazo walizimalizia katika klabu ya wafanyabiashara mjini Omaha. Roosevelt alikasirika na kuwafukuza kazi mwendesha mashtaka na ofisa aliyewalinda. Katika kesi ya pili, ya mwaka 1906, walitiwa hatiani kwa kula njama ya kuidanganya serikali kwa kutumia maombi ya ardhi ya watu wengine. Richards alifariki mwaka 1911 akiwa bado anatumikia kifungo chake cha mwaka mmoja.

Utetezi wa wafugaji ulikuwa kwamba nchi ya mchanga hailimiki, na kwamba ng'ombe mmoja anahitaji ekari nyingi. Kwa upande wa udongo walisema kweli. Kwa makadirio ya kawaida ya ekari 15 au zaidi kwa ng'ombe mmoja na ndama wake, ekari 640 zingelisha ng'ombe 40 hivi, idadi ambayo haitoshi kuiweka familia pale ambapo kila gunia la unga hutoka mbali kwa reli. Lakini ukweli huo ulisemwa na watu waliokuwa na faida kubwa ya kuusema, tena huku wakiwa wameifunga kwa seng'enge ardhi isiyo yao. Ndiyo sababu haukusikika. Bunge lilipoipitisha sheria ya Kinkaid lilitaka kuwapima wafugaji, na udongo ukapimwa kwa kipimo hicho hicho.

Wakinkaid

Maombi ya ardhi chini ya sheria mpya yalifunguliwa mwishoni mwa Juni 1904, na ofisi za ardhi katika miji kama Alliance na Valentine zilijaa watu. Masharti yalikuwa kuishi katika ardhi hiyo kwa miaka mitano na kuiendeleza kwa thamani ya dola 1.25 kwa kila ekari, yaani dola 800 kwa jumla. Ardhi iliyofaa kumwagiliwa maji iliondolewa katika mpango huo. Mabonde bora yenye maji yalikuwa yameshachukuliwa na ranchi zamani. Kilichobaki kwa wengi kilikuwa matuta yenyewe na mabonde makavu.

Maisha ya Wakinkaid yaliandikwa na udongo hadi ndani ya nyumba. Miti haikuwapo, kwa hiyo nyumba zilijengwa kwa vipande vya ardhi vilivyokatwa pamoja na nyasi na mizizi yake. Vipande hivyo havikuweza kukatwa kwenye matuta, kwani mchanga ulimwagika mikononi. Ilibidi vitafutwe katika mbuga za mabondeni, ambako udongo mweusi ulishikana. Nishati ya kupikia ilikuwa mavi makavu ya ng'ombe yaliyookotwa malishoni. Kwa namna hiyo mlowezi aliyekuja kumwondoa mfugaji alipika chakula chake kwa mabaki ya ng'ombe wa mfugaji huyo huyo.

Sheria haikumlazimisha mtu kulima. Lakini ng'ombe 40 walihitaji mtaji ambao wengi hawakuwa nao, na mahindi yalihitaji plau tu. Mabonde makavu yalilimwa, kisha miteremko. Mazao ya mwaka wa kwanza na wa pili yalitia moyo, kwa kuwa mboji iliyolundikana kwa karne nyingi chini ya nyasi ilioza haraka baada ya kupinduliwa na kuachilia naitrojeni yake kwa mkupuo. Baada ya hapo hapakuwa na akiba. Mavuno yalishuka, uso wa shamba ukawa mchanga mtupu, na upepo ukaanza kazi yake. Hata mistari iliyolimwa kwa ajili ya kuzuia moto wa nyika iliweza kuwa chanzo cha mashimo ya upepo. Wengi walisubiri kutimiza miaka mitano, wakapata hati, wakaiuza kwa ranchi ya jirani. Hivyo sheria iliyokusudiwa kuzivunja ranchi kubwa ikazipatia, kwa mkono wa pili, hati halali ambazo hazikuwa nazo hapo awali.

Jamii moja inastahili kutajwa peke yake. Tangu mwaka 1907 familia za Wamarekani weusi zilijiandikishia ardhi kando ya mto North Loup katika Kaunti ya Cherry na kuanzisha makazi ya DeWitty, yaliyokuja kuwa makazi makubwa na ya kudumu zaidi ya watu weusi vijijini Nebraska. Baadhi yao walikuwa wa kizazi cha watu waliotoroka utumwa wakakimbilia Kanada, wakarejea Marekani baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Walijenga shule na kanisa, na wakawa na timu ya besiboli. Kuondoka kwao kulikamilika katikati ya miaka ya 1930. Itakuwa makosa kueleza mwisho wa DeWitty kwa ubaguzi peke yake, na itakuwa makosa makubwa zaidi kuueleza kwa uvivu au kutojua kilimo, kama ilivyozoeleka kusemwa juu ya Wakinkaid kwa jumla. Jirani zao weupe, wenye ekari 640 za udongo ule ule, waliondoka pia. Tofauti ni kwamba DeWitty ilipotawanyika kulitoweka pia mahali ambapo watu hao waliweza kumiliki ardhi kwa wingi na kujitawala.

Neema ya muda mfupi ilitoka mahali pasipotazamiwa. Magharibi mwa Sandhills kuna maziwa yasiyo na njia ya kutokea, ambayo maji yake yamekolea chumvi za magadi. Vita Kuu ya Kwanza ilipoikatia Marekani potashi ya Ujerumani, iliyohitajika kwa mbolea, maji hayo yalichemshwa kiwandani na mji wa Antioch ukachipuka katikati ya malisho ukiwa na viwanda vitano. Vita vilikwisha, potashi ya Ujerumani ikarudi, na kufikia mwaka 1921 viwanda vilikuwa vimefungwa. Misingi yake ya zege bado inaonekana kando ya barabara.

Bustani ya Halsey

Mtu pekee aliyeisoma kwa makini ile nusu njema ya udongo alikuwa mtaalamu wa mimea. Charles Bessey, aliyekuja Chuo Kikuu cha Nebraska mwaka 1884, aliona kwamba mchanga unaohifadhi unyevu chini ya uso wake ungeweza kubeba misonobari. Mwaka 1891 miche ilipandwa kwa majaribio katika Kaunti ya Holt, na miaka kumi hivi baadaye misonobari iliyosalia ilikutwa imestawi. Mwaka 1902 Roosevelt alitenga hifadhi mbili za misitu, Dismal River na Niobrara, zenye jumla ya ekari zaidi ya 200,000, na kitalu cha miche kikaanzishwa karibu na Halsey.

Jaribio hilo lilithibitisha hoja ya Bessey juu ya unyevu. Miti ilimea mahali ambapo Warren aliona utasa. Lakini ni sehemu ndogo tu ya hifadhi iliyopandwa, na moto wa mwaka 1965 uliteketeza sehemu kubwa ya miti hiyo. Leo mti unaoenea kwa nguvu zake wenyewe ni mwerezi mwekundu wa mashariki, na wafugaji wanaupiga vita kwa sababu unanyima nyasi mwanga na maji. Swali la kama mti unaweza kuishi katika mchanga lilijibiwa. Kama mchanga ulihitaji mti ni swali ambalo mwaka 1902 halikuulizwa.

Ukame wa miaka ya 1930 na ushahidi wa chini ya nyasi

Mtihani mkubwa ulikuja na ukame wa miaka ya 1934 na 1936. Nyanda za kusini, kutoka Kansas hadi Texas, zilizokuwa zimelimwa ngano, zilipeperuka kuwa mawingu ya vumbi. Sandhills, iliyokuwa na udongo dhaifu zaidi mbele ya upepo kuliko nyingi ya nyanda hizo, haikupeperuka. Mashimo ya upepo yaliongezeka na kupanuka, lakini matuta yalibaki mahali pake. Maelezo ya wazi zaidi ni kwamba kufikia wakati huo Wakinkaid wengi walikuwa wamekwisha kuondoka na mashamba yao kurudi kuwa malisho. Kushindwa kwao ndiko kulikoliacha eneo likiwa na ngozi yake wakati ukame ulipofika. Hii si sifa kwa sheria ya 1904, wala kwa wafugaji, ambao hawakujua mwaka 1910 kwamba walikuwa wakijiandaa kwa mwaka 1934.

Utafiti wa baadaye umeonyesha jinsi hatari ilivyokuwa karibu. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba matuta haya ni masalia ya enzi ya barafu, yaliyotulia tangu maelfu mengi ya miaka. Kuanzia miaka ya 1980 vipimo vya kaboni-14 katika tabaka za udongo wa zamani zilizofukiwa ndani ya matuta, na baadaye vipimo vinavyoonyesha ni lini chembe ya kwatzi iliangaziwa na jua kwa mara ya mwisho, vimethibitisha kwamba mchanga ulihama mara kadhaa katika miaka 10,000 iliyopita. Mara ya mwisho kuhama kwa eneo pana ilikuwa katika ukame mrefu wa kati ya takribani miaka 1,000 na 700 iliyopita. Nyasi ambazo Warren alizikanyaga mwaka 1855 zilikuwa na umri wa karne chache tu mahali hapo. Mwanzoni mwa karne ya 21 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nebraska waliua nyasi kwa makusudi katika viwanja vya majaribio kwenye ranchi ya Barta Brothers, ili waone mchanga utahama baada ya muda gani. Haukuhama mara moja. Mizizi iliyokufa iliendelea kuushikilia kwa muda, hadi ilipooza.

Tangu miaka ya 1930 mfugaji wa Sandhills amelichukulia shimo la upepo kuwa adui. Hutupa humo matairi makuukuu, majani makavu na hata magari mabovu, au huwalisha ng'ombe humo wakati wa baridi ili mabaki ya lishe na samadi yatengeneze ngozi mpya. Mashimo mengi yamefungwa kwa njia hiyo. Kuna mmea mmoja, Penstemon haydenii, uliopewa jina la Hayden aliyesafiri na Warren, ambao huota ndani ya mashimo hayo, juu ya mchanga ulio wazi na unaosogea, na hushindwa mara nyasi zinaporudi. Kufikia mwaka 1940 ilidhaniwa kwamba umetoweka duniani. Ulionekana tena mwaka 1968, na mwaka 1987 uliandikishwa na serikali ya Marekani katika orodha ya mimea iliyo hatarini. Miche inayooteshwa kuuokoa hupandwa katika mashimo ya upepo yaliyosalia, kwa idhini ya wenye ranchi wanaokubali kuyaacha wazi.